Kamba Katika Mteremko wa Chaliac

Mwaka uliotangulia, mwezi wa Juni, Firmin Fargeix alimvunja mtu mtulinga kwa fimbo ya kuswagia ng'ombe. Mtu huyo alikuwa mwendesha baiskeli kutoka Lyon, naye alikuwa ameikata kamba iliyofungwa kukatiza barabara kwa sababu hakutaka kungoja. Ng'ombe wakateremka mpaka barabara kuu. Mmoja, mwenye mimba, aligongwa na lori la magogo akavunjika miguu ya nyuma, na Firmin ndiye aliyemmaliza kwa kisu huku dereva akitapika kando ya tairi lake. Kisha Firmin akapanda tena kilimani, akamkuta yule wa Lyon anapiga picha mandhari, akampiga. Pigo lilikuwa moja tu. Mfupa ulisikika mpaka ng'ambo ya ukuta.

Mahakamani hakukana kitu. Hakimu alimpa kifungo cha miezi minane, akakisimamisha kwa miaka mitatu, akamweleza kwa maneno ambayo hata mtoto angeyaelewa: akimpiga mtu yeyote ndani ya muda huo, ataingia ndani kuitumikia miezi yote, pamoja na ile ya kosa jipya. Firmin aliishi peke yake shambani. Hakuwa na mke wala mtoto, na ng'ombe wa maziwa hawamngoji mtu atoke jela. Kuingia ndani kulikuwa na maana moja, nayo ni kuuza kundi lililoanzishwa na babu yake.

Dada yake, Nadège, alikuwepo mahakamani siku hiyo. Alikuwa mdogo wake kwa miaka saba, mwanamke mkavu mwenye mapaja ya mkimbiaji, na kazi yake ilikuwa kuwaongoza watalii kwa baiskeli kutoka mji mmoja wa chemchemi za tiba hadi mwingine. Mchana walipanda na kuteremka milima, mikoba ikiwa nyuma ya baiskeli. Usiku walilala katika hoteli za zamani zilizojengewa wagonjwa wa baridi yabisi. Njia ya siku ya tatu, kutoka Fontchaude hadi Sainte-Quitterie, ilipita mbele ya zizi la kaka yake. Barabara nyingine ilikuwa ile ya malori, na huko asingempeleka hata adui. Kwa hiyo tangu hukumu ile Nadège alijipa kazi ya ziada ambayo wateja wake hawakuwa na habari nayo: kuhakikisha hakuna hata mmoja wao anayefika kwa Firmin wakati ng'ombe wanavuka.

Haikuwa kazi ngumu. Ng'ombe walivuka barabara saa kumi na moja jioni, kutoka malishoni kwenda zizini kukamuliwa. Firmin alifunga kamba mbili, moja upande wa juu wa lango la malisho na moja upande wa chini, ili wasipotee njia na ili magari yasimame. Ilikuwa kamba bapa ya ua wa umeme, iliyosukwa pamoja na nyuzi za chuma, na juu yake alining'iniza vipande vya mfuko wa mbolea vya rangi ya buluu ili ionekane. Watu wa Chaliac wakiiona walizima injini na kuwasha sigara. Nadège aliwapitisha watu wake saa tisa, na mwaka mzima hakuna aliyekutana na mwenziwe.

Siku hiyo walitoka Fontchaude watu saba. Walikuwepo Wabelgiji wanne, waume wawili na wake zao, ambao walipanda kila mlima wakizungumzia chakula. Alikuwepo Odette Lamarque, muuguzi mstaafu aliyekaribia miaka sabini, aliyekwenda polepole na kufika kila mahali. Na alikuwepo Cédric Haumont, dalali wa nyumba kutoka Lille, mtu wa miaka thelathini na minane mwenye mashavu ya miguu yaliyonyolewa. Ilikuwa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, tarehe kumi na tano Agosti. Nadège alijua kwamba maduka ya mikate yangefunga mapema, na alikuwa amekwisha nunua mikate tangu jana.

Waendesha baiskeli wa Ufaransa wana desturi ya zamani isiyo na faida yoyote. Kibao chenye jina la kijiji kikionekana mbele, kila mtu hukanyaga kwa nguvu zake zote, na wa kwanza kukipita ndiye mshindi. Hakuna zawadi. Haumont alikuwa ameshinda vibao vyote tangu safari ianze, vingine akishindana na watu ambao hawakujua kwamba kuna mashindano.

"Kijiji cha sita!" alisema asubuhi hiyo, akigeuka nyuma na mikono hewani.

"Umemshinda bibi anayemenya yai," Odette akamjibu. "Mpigie mama yako simu, alie kwa furaha."

Karibu na adhuhuri gari la mizigo lilimpita Haumont karibu mno, kioo chake cha pembeni kikamgonga kiwiko. Hakuanguka. Alilifukuza gari hilo kijiji kizima, akalikuta limesimama kwenye njia panda mbele ya kanisa, akachomoa pampu kwenye fremu ya baiskeli yake na kukivunja kioo kwa mapigo mawili. Ilikuwa pampu ndefu ya chuma ya mtindo wa zamani, ambayo alikuwa akiwaonyesha watu kila walipopumzika.

Dereva alishuka bila kuzima injini. Alikuwa mtu mnene aliyevaa aproni ya buchani. Alimshika Haumont mabega kama mtu anayemsalimia shemeji yake, akampiga kichwa cha pua. Wakaanguka pamoja kwenye kokoto. Nadège alipofika, Haumont alikuwa chini, damu imemjaa mdomoni, na dereva alikuwa akipiga kelele kwa sababu kidole chake cha shahada kilikuwa katikati ya meno ya Haumont.

"Achia!" Nadège alisema.

Haumont akatikisa kichwa kukataa, na dereva akazidi kupiga kelele.

"Bwana Haumont, una kidole cha mtu mdomoni. Kitoe."

Alimziba pua, ile pua iliyovunjika, na mdomo ukafunguka wenyewe. Dereva alikitazama kidole chake. Nyama ilikuwa imechanika mpaka mfupa ukaonekana, mweupe na safi.

"Huyu unampeleka kwenye maji moto?" alimuuliza Nadège huku akijifunga kwa pindo la aproni.

"Ndiyo."

"Mtumbukize kichwa, mama. Halafu umshikilie hapo hapo."

Akaingia garini akaondoka. Odette alimkalisha Haumont kwenye ngazi za kanisa, akaweka vidole gumba pande mbili za pua yake na kuirudisha mahali pake bila kumwonya. Haumont alilia kama mbuzi.

"Lakini nimemshinda," alisema alipopata pumzi.

"Hujamshinda. Umemla. Ni mambo mawili tofauti."

Walipoteza muda hapo, na Nadège hakupenda. Alipiga hesabu ya kilomita zilizobaki na kuwahimiza. Wabelgiji walinung'unika kwa ajili ya chakula cha mchana kilicholiwa kwa kusimama, lakini walikanyaga, na walipofika kileleni juu ya Chaliac bado ilikuwa mapema. Aliitazama saa yake mara mbili. Kabla ya ng'ombe kulikuwa na karibu saa mbili nzima. Akawapa maji, akawakusanya.

"Mteremko huu tunashuka mmoja nyuma ya mwingine, mimi mbele. Hakuna anayenipita. Hakuna mbio za kibao."

"Kwa nini?" aliuliza Haumont. Sauti yake ilitokea puani kama ya bata.

"Kona ni mbaya, na chini kuna shamba."

"Nimeona kona mbaya zaidi ya hizo."

"Na mimi nimeona pua nzuri zaidi ya hiyo. Nyuma yangu, bwana."

Hakumwambia habari za Firmin. Kumwambia mtu wa namna ile kwamba chini kuna mkulima asiyeruhusiwa kumpiga mtu lingekuwa kosa kubwa zaidi ya kunyamaza. Ndivyo alivyoona wakati huo, na hata baadaye hakubadili mawazo juu ya jambo hilo.

Wakaanza kushuka. Barabara ilikuwa nyembamba, kuta za mawe pande zote mbili, lami imelainishwa na jua. Kibao cha Chaliac kilikuwa baada ya zizi, nacho kilikuwa kichwa chini. Majira ya baridi wakulima walivigeuza vibao vyote vya wilaya kuilalamikia serikali, na hapa hakuna aliyejisumbua kukigeuza tena. Nadège aligusa breki kabla ya kona ya kwanza. Katika kona ya pili alisikia tairi zinavuma nyuma yake, karibu mno, na Haumont akampita upande wa ndani, kifua juu ya usukani, bega lake likimgusa.

"Kibao, mama!" alipiga kelele.

"Rudi!"

Hapo ndipo kengele za Chaliac zilipoanza kulia.

Zilikuwa kengele zote, si ile moja ya saa. Zilikuwa mwito wa kwanza wa maandamano. Kila mwaka siku ya tarehe hii sanamu ya Bikira Maria ilitolewa kanisani na kuzungushwa kijijini, na baada yake watu walikula pamoja kwenye meza ndefu uwanjani. Nadège mwenyewe utotoni aliwahi kubeba bendera ya buluu mbele ya sanamu. Na kila mwaka siku ya tarehe hii baba yao alikamua mapema, mara tu baada ya chakula cha mchana, ili nyumba nzima iwe imenawa na kuvaa kabla ya kengele ya mwisho. Firmin hakuwa mtu wa kanisa. Lakini saa za baba yake alizifuata kama ng'ombe anavyofuata njia yake. Nadège alikuwa ameikumbuka mikate akawasahau ng'ombe. Miaka ishirini ya kupanga safari kwa ratiba za bafu na hoteli ilikuwa imemfanya aione sikukuu kuwa ni siku ambayo maduka hufungwa.

Aliachia breki akakanyaga. Alikuwa mzito kuliko Haumont kwa sababu ya mikoba, na kwenye mteremko uzito husaidia. Alimkaribia mpaka akaona nembo kwenye soksi zake. Alimpigia kelele kuhusu kamba, ng'ombe, breki, na upepo ukayarudisha maneno yote mdomoni mwake. Haumont aligeuza uso nusu, akamwona anakuja, akacheka. Alidhani wanashindana. Akainamisha kichwa akaingia kona ya mwisho.

Kamba ya juu ilikuwa hatua chache baada ya kona. Vitambaa vya buluu vilikuwepo vyote. Mtu aliyeinua kichwa angeviona.

Kamba ilimpata Haumont chini ya taya. Kigingi cha kushoto kiling'oka, cha kulia hakikung'oka. Baiskeli iliendelea peke yake na yeye akabaki hewani, amelala chali, kwa muda ambao Nadège aliweza kuuona wote, kisha akaanguka kwa mgongo na kuteleza kwenye lami katikati ya kundi. Ngozi ya shingo ilikuwa imefunguka kutoka chini ya sikio mpaka karibu na koromeo.

Ng'ombe wa milima hiyo ni wekundu, wenye pembe ndefu, na hawatoi maziwa mpaka ndama aletwe ubavuni mwa mama yake. Kwa hiyo saa ya kukamuliwa wanavuka kwa pupa, wakiitikia sauti za ndama waliofungiwa zizini, na mtoto wa kule anafundishwa kabla ya kusoma kwamba hupiti kati ya ng'ombe na mlango wa zizi. Haumont alikuwa ameteleza mpaka mbele ya mlango huo. Nyuma yake ndama walikuwa wanalia. Mbele yake ng'ombe walikuwa wamesimama.

Angebaki chini pengine wangemruka. Aliinuka. Alikuwa amelowa damu mpaka kiunoni na mkono mmoja ulining'inia, lakini pampu yake ilikuwa imeanguka pamoja naye, akaiokota na kumpiga nayo ng'ombe aliyekuwa karibu zaidi, usoni, mara tatu, nne, huku akimtukana. Jicho la ng'ombe likapasuka. Ng'ombe akashusha kichwa akamsukuma ukutani. Pembe moja iligonga jiwe na kutoa cheche. Ya pili ilimwingia Haumont juu ya nyonga, na pampu ikaangukia barabarani ikabingirika.

Nadège aliitupa baiskeli yake ukutani. Magoti yalichunika naye hakuyahisi. Alichokiona wakati huo ni hiki, na ndicho alichokieleza kila alipoulizwa baadaye: Haumont ameegemezwa ukutani, ng'ombe akiwa juu yake, na kutoka upande wa chini Firmin anakuja mbio, mzee wa miaka hamsini na mmoja katika shati jeupe la sikukuu, fimbo ameinua kwa mikono miwili juu ya kichwa. Mdomo wake ulikuwa wazi. Alikuwa anapiga kelele, lakini kengele zilikuwa zinalia na ng'ombe walikuwa wanalia na hakuna neno lililomfikia Nadège. Aliuona uso. Ulikuwa uso aliouwazia kila alipomfikiria mtu wa Lyon.

Aliiokota pampu. Hakukuwa na nafasi ya kumshika, na kumshika Firmin hakujawahi kumfaa mtu. Alimpiga kwa nguvu zake zote nyuma ya sikio.

Firmin alipiga magoti. Alimtazama dada yake kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua, na fimbo ikamtoka mikononi. Ng'ombe aliyekuwa ukutani aligeuka kwa kishindo hicho. Kwa jicho lake moja aliona kitu cheupe kimepiga magoti kati yake na mlango, akakipita. Alikipita kwa kichwa kwanza, kisha kwa miguu ya mbele, kisha kwa ya nyuma, na wengine waliokuwa nyuma yake wakafuata kwa sababu yeye ametangulia. Nadège alisikia kitu kikivunjika kama tawi bichi linavyovunjika, si kwa mlio mmoja.

Aliokota fimbo. Aliwapiga ng'ombe puani, mmoja baada ya mwingine, akiwaita kwa sauti aliyokuwa hajaitumia tangu ujana wake, mpaka wakaingia zizini au wakarudi malishoni na barabara ikawa tupu. Mkono wake ulikufa ganzi. Kisha alilivuta komeo la lango na kugeuka.

Odette Lamarque alikuwa amefika. Alikuwa amekaa chini barabarani, miguu imenyooka, kichwa cha Haumont mapajani mwake, na kiganja kizima kimekandamiza shingo yake. Wabelgiji walisimama nyuma ya kamba, mmoja akipiga simu.

"Wewe," Odette alimwambia Mbelgiji mwingine, "vua shati. Hilo, ndiyo, la bei ghali. Likunje, lisukume hapa kwenye nyonga. Kwa nguvu, bwana, huyu si keki." Kisha akamwambia Nadège bila kuinua uso: "Huyu ataishi, ana damu nyingi kuliko akili. Mtazame yule. Usimsogeze."

Nadège alipiga magoti kando ya kaka yake. Firmin alikuwa macho. Miguu yake ilielekea pande ambazo miguu haielekei. Shati lilikuwa na alama za kwato.

"Nilidhani anataka kumpiga," Nadège alisema, si kwa Firmin.

"Nani, huyu?" Odette akasema. "Nilikuwa kwenye kona. Alikuwa anamwita ng'ombe. 'Markiza, nyuma! Markiza!' Au Markiza ni mimi?"

Markiza lilikuwa jina la yule ng'ombe. Kila kizazi kilikuwa na Markiza mmoja.

Helikopta ilitua kwenye malisho ya chini, ikawatisha ng'ombe waliobaki. Waliwachukua wote wawili, kwanza Firmin, kisha Haumont, ambaye alikuwa amezinduka na kumweleza kila mtu aliyemwinamia kwamba ametegewa mtego. Kijijini maandamano yalikuwa yamevunjika, na sanamu ilikuwa imewekwa juu ya meza ya chakula kati ya mikate, kwa kuwa wanne waliokuwa wakiibeba walikuja kusaidia kuwakamata ng'ombe.

Sajini Pons wa kituo cha askari alisoma darasa moja na Firmin. Alimkalisha Nadège jikoni kwa kaka yake, kwenye meza yenye kitambaa cha plastiki, akafungua kompyuta yake ndogo.

"Bwana Haumont anasema kaka yako alifunga kamba ili amuue, halafu akaja na fimbo kummaliza."

"Kamba ina vitambaa. Nenda katazame."

"Nimetazama. Na fimbo?"

"Ilikuwa juu."

"Juu ya nani?"

"Ng'ombe na Haumont walikuwa mahali pamoja."

"Kwa hiyo hujui."

"Sikujua. Sasa najua. Bibi Lamarque alimsikia."

"Bibi Lamarque ameshanieleza, na akanisahihisha tahajia." Pons alikuna shavu. "Nadège, nisikilize vizuri kabla hujafungua mdomo. Jeraha la nyuma ya sikio. Ng'ombe anaweza kumpiga mtu pembe mahali hapo. Limekaa vibaya, lakini linawezekana."

"Si pembe. Ni pampu. Mimi ndiye niliyempiga."

"Kwa nini?"

"Ili asiende jela."

Pons aliacha kuandika. Alimtazama kuona kama anafanya mzaha, akaona hafanyi, akaandika maneno hayo kama yalivyosemwa.

"Haya," alisema. "Basi haendi. Hajamgusa mtu. Nitaandika hivyo na hakimu atasoma hivyo. Wewe tutakuita. Mtu wa Lille akitaka kushtaki kuhusu kamba, ashtaki, atakuta picha za vitambaa." Akafunga kompyuta. "Ng'ombe wamebaki kwake, kama ulivyotaka."

Kutoka zizini walikuwa wanasikika, wamejaa viwele, hawajakamuliwa.

"Na nani atawakamua?" Nadège aliuliza.

Hilo halikuwa swali la kituo cha Pons, naye akachukua kofia yake akatoka.

Madaktari walimruhusu kumwona Firmin wiki iliyofuata. Nyonga ilikuwa imevunjika sehemu tatu na paja la kulia sehemu moja. Walikuwa wameiunganisha kwa vyuma vilivyotokeza nje ya ngozi, na mtaalamu mmoja kijana alimweleza Nadège koridoni, kwa upole, kwamba kaka yake angeweza kutembea kwa magongo ifikapo masika, lakini kuchuchumaa chini ya ng'ombe asahau. Alipendekeza maji ya Sainte-Quitterie. Alisema kuna mpango mzuri wa wiki tatu.

Firmin alikuwa amelala chali. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umenyolewa na kushonwa.

"Nani anakamua?" alisema.

"Majirani, Vidalenc na mwanawe. Mpaka mwisho wa mwezi."

"Vidalenc ana mikono kama koleo. Markiza?"

"Jicho limekwenda. Anakula."

"Atakuwa haoni upande wa lango. Mwambie Vidalenc amsogelee upande wa pili." Akajivutia shuka. "Vidalenc anataka kulinunua kundi?"

"Kuna mfanyabiashara anataka. Vidalenc anataka malisho."

"Lazima."

"Firmin."

"Liuze. Uza wote pamoja, usiwatenganishe na ndama. Nani mwingine atakaa nao, wewe? Una Wabelgiji wako."

Nadège alivuta kiti akakaa. Alikuwa amejiandaa kusema mambo kwa utaratibu: kengele, tarehe, kasi ya mteremko, mahali alipokuwa amesimama kila mmoja. Alianza na kengele. Firmin alimsikiliza mpaka alipofika kwenye fimbo.

"Ulidhani nitampiga yeye," alisema.

"Ndiyo."

"Alikuwa amelipasua jicho la Markiza. Niliona."

"Bibi Lamarque alikusikia unamwita ng'ombe."

"Nilikuwa namwita. Ningemtoa kwanza ng'ombe, maana angejivunja pembe ukutani." Alikuwa anatazama dari. "Halafu ningemgeukia yule mjinga. Hilo hukumwambia Pons."

"Sikulijua."

"Sasa unalijua. Kwa hiyo ulinipiga mapema mno, ndilo kosa lako. Ungesubiri kidogo ungenipiga kwa haki."

"Ungempiga kweli?"

"Usiniulize mambo ya jela mtu aliyelala hivi."

Alijaribu kucheka, na maumivu yakamkata katikati. Nadège alisimama akaenda dirishani kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Chini, kwenye maegesho, mtu alikuwa akifunga baiskeli mbili juu ya gari.

Mlango ulifunguliwa. Muuguzi wa zamu, mwanamke mfupi mwenye mikono minene, aliingia akiviringisha mikono ya koti lake.

"Ni saa ya kumgeuza," alisema. "Mwenzangu yuko chumba kingine. Wewe ni ndugu? Una nguvu?"

"Ninazo."

"Shika bega na kiuno. Nikisema tatu, unavuta kwako, na husimami katikati hata akikuomba."

Nadège alishika bega na kiuno. Firmin alifumba macho akauma shuka. Muuguzi akahesabu, Nadège akavuta, na kaka yake akapiga ukelele uliosikika mpaka kwenye lifti. Hakusimama katikati.